Kalamu ikigoma, nakili aya ya mwenzako

Maneno yakikukauka, usikae ukikodolea macho ukurasa mtupu. Chukua kitabu unachokipenda, chagua aya moja tu, uinakili kwa mkono. Kwa mkono, si kwa simu: mkono huenda polepole, na hapo ndipo unapoona kwamba mwandishi ameweka nukta mahali ambapo wewe ungeweka koma na kuendelea kuropoka.

Kisha ufanye kama Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, alivyofanya ujanani mwake huko Boston, karne ya 18. Alisoma makala za The Spectator, jarida la London, akaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, akaviweka kando siku kadhaa, halafu akajaribu kuijenga makala upya kwa maneno yake. Mwisho akalinganisha na ile ya asili. Utamu wote uko kwenye kulinganisha. Utakuta wewe umeandika "alikuwa na hasira sana", kumbe mwenzako kasema tu kwamba mtu alifunga mlango hadi pazia likatikisika.

Daftari la nukuu nalo lina faida, ila andika jina la mwandishi na ukurasa papo hapo. Miezi ikipita hutajua lipi lako na lipi lake, na wizi wa bahati mbaya ni wizi vilevile. Pia changanya waandishi. Ukimng'ang'ania mmoja, utajikuta unaandika kwa sauti yake. Wa hadithi asome mashairi, hata kama hayapendi.