Puli nyepesi ya krenki: tazama raba kwanza

Wewe unayependa kuichangamsha injini, kabla hujamwambia fundi afungue puli ya krenki (gurudumu la mbele ya injini, kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, linalovuta mkanda) aweke ile nyepesi ya alumini, chukua tochi uichungulie ya zamani. Ukiona duara la raba kati ya kitovu na ukingo wa nje, hiyo si puli tu. Ile raba na chuma kizito cha nje kazi yao ni kumeza mtikisiko. Kila silinda ikiwaka, krenki hujipinda kidogo na kurudi, na kwa kasi fulani mtikisiko huo hujilimbikiza. Ukiondoa kinachoumeza, beringi huumia, gia za pampu ya oili zinaweza kupasuka, hata krenki yenyewe ikakatika. Haitokei siku ya kwanza, ndiyo maana muuzaji anakwambia hakuna neno.

Kama yako ni chuma kitupu bila raba, hapo afadhali. Lakini pima kipenyo: nyingi za kununua ni ndogo kuliko ya asili, kwa hivyo altaneta inayochaji betri, na pampu ya maji kama nayo inavutwa na mkanda huo, huzunguka polepole. Na joto letu hili la Mombasa, umekwama Likoni unangoja feri, AC imewashwa, usishangae mshale wa joto ukipanda.

Faida? Injini huchangamka upesi kidogo, basi. Mimi pesa hizo ningenunua puli mpya ya aina ileile ya kiwandani, maana raba ikizeeka hupasuka, ukingo ukateleza, na alama ya taimingi iliyo juu yake, ile fundi anayotazama kupanga wakati wa silinda kuwaka, ikakudanganya.