Ginsi ya kutengeneza pompi ya mvuke ya bapompie ya zamani na mikebe na waya ya mukuba

Batoto ya Lubumbashi banajua kufanya motokari ya waya tangu zamani, leo minataka nibaonyeshe pompi ya mvuke, ile ilikuwa inakokotwa na farasi mbili ao tatu kwenda kuzima moto. Ya kwanza ilitengenezwa London mu 1829, Braithwaite na Ericsson njo baliitengeneza, na New York farasi ya mwisho ya bapompie ilitoka mu kazi mu 1922, sasa zile zenye kubakia banazichunga mu muze.

Tafuta mukebe moya ya tomati, waya ya chuma, na waya ya mukuba ya moteri yenye kuungua, kwa mafundi ya bobinaji (bale banaviringisha upya waya ya moteri) mu komini ya Kenya ao ya Katuba, paka hapa Lubumbashi, haikosekane.

Mukebe inasimama wima, usiilalishe! Ile njo nyungu ya maji, chini makala inawaka, ndani mu maji munapita tiyo mingi nyembamba za moshi, njo maana mvuke ilikuwa inapanda mbio, dakika kidogo tu. Yulu weka shimine. Magurudumu kata ya mbele ndogo kuliko ya nyuma, juu ya ipite chini ya shasi wakati ya kukata kona, mingi banakosea pale na inakuwa paka sawa gari ya kubeba mchanga.

Sasa kintu minapenda zaidi, kile kichwa ya mukuba ya kungaa yenye kuwa yulu ya pompi. Ndani mwake munakuwa hewa, pompi inasukuma maji kwa kupiga-piga, hewa inabanwa halafu inasukuma nayo, njo maji inatoka bila kukatika-katika. Kata ndimu mu nusu, viringisha waya ya mukuba yulu ya ile nusu polepole, muzunguko inabana ingine, mpaka inafunika yote, halafu toa ndimu. Ile ndimu usitupe, tia chumvi kidogo na sugulia mukuba, utaona vile inageuka nyekundu mupya pa macho yako. Osha na maji, pangusa ikauke, bila vile kesho inakuwa rangi ya majani-majani.

Tafazali musiweke maji na moto mu mukebe yenye kufungwa, mvuke ikikosa njia inapasua na mutoto anaungua uso.

Farasi fanya tatu, zikamatane bega na bega, kamba ifunge pa shasi, hapana pa mukebe, itapinduka.