Somo: Kipi kianze na kipi kifuate ukipiga polishi na nta ya gari

Wakuu, wiki iliyopita jirani yangu alinunua vitu vinne kwa mkupuo: kompaundi, polishi, silanti na nta. Akaanza na nta, akamalizia na kompaundi. Gari lenyewe ni Toyota Crown nyeusi. Jua la saa tano lilipoipiga boneti, tuliona miduara imetapakaa kama utando wa buibui, na nta aliyoihangaikia asubuhi yote ilikuwa imeishia kwenye taulo. Bidhaa zake hazikuwa na tatizo lolote. Kilichomponza ni mpangilio, na kwa kuwa namwona kila mwezi mtu mwingine akiponzeka hivyo hivyo, nimeona niandike.

Tuelewane majina kwanza, maana pesa nyingi hupotelea hapo. Madukani kila kinachong'arisha huitwa polishi, hata ile ya dashibodi. Kompaundi (mafundi rangi wengine husema rabingi) ni kama msasa ulio ndani ya uji: ina chembe zinazokwangua. Polishi nayo inakwangua, ila chembe zake ni laini zaidi. Silanti haikwangui, ni kinga ya kutengenezwa kiwandani inayoshika juu ya rangi. Nta ni kinga pia, na ile inayosifiwa zaidi hutokana na majani ya kanauba, mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili.

Kwa hiyo mbili zinaondoa na mbili zinaweka. Zinazoondoa zitangulie, kali kabla ya laini. Zinazoweka zifuate.

1. Osha. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Siku ya kazi hii sabuni ya vyombo inaruhusiwa, kwa kuwa inasaidia kuondoa nta ya zamani. Siku nyingine iache jikoni.

2. Toa uchafu ulioganda. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Ingiza mkono kwenye kifungashio cha plastiki cha mkate, kisha pitisha vidole taratibu juu ya boneti iliyooshwa. Ukisikia vipele vipele, ujue kuna vumbi la chuma kutoka kwenye breki, lami, au utomvu wa mwembe unaoegesha chini yake. Lami itolewe kwa dawa yake. Vumbi la chuma lina dawa inayogeuka zambarau ikikutana nalo. Kitakachobaki kitolewe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku umelowesha sehemu hiyo kwa maji ya shampuu. Udongo ukidondoka chini, utupe, hata kama umeununua leo: mchanga ulioshikwa nao utachora gari zima. Ukiruka hatua hii, pedi ya kompaundi (sifongo unalosugulia) ndiyo itakayoking'oa kile chuma na kukizungusha juu ya rangi yako.

3. Kausha na uzibe. Hamia kivulini, na usubiri bati lipoe kiasi cha kuweza kulaza kiganja bila kukitoa. Funika kwa utepe wa karatasi wenye gundi kingo za milango, mpira wa madirisha na plastiki nyeusi.

4. Kompaundi, kama inahitajika. Nasisitiza hilo neno kama. Klia, ile rangi angavu ya juu, kwa magari mengi ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi; unywele wa mtu ni takriban 70. Ukiimaliza hairudi, labda ukapake rangi upya. Jaribu kwanza kwa polishi laini kwenye eneo dogo. Mikwaruzo ikiondoka, kompaundi irudi kabatini. Isipoondoka, weka matone manne au matano kwenye pedi na ufanye kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Usikae juu ya kingo, maana klia huwa nyembamba zaidi pale. Mkwaruzo unaonasa ukucha umeshapita kina cha kompaundi, usiufukuzie.

5. Polishi. Badilisha pedi. Pedi iliyobeba kompaundi haiwezi kufanya kazi ya polishi hata ukiifua kwa haraka. Hatua hii inafuta ukungu ulioachwa na kompaundi, na hapa ndipo gari jeusi linarudi kuwa jeusi.

6. Futa mafuta. Polishi huacha mafuta yanayoficha mikwaruzo midogo na kuizuia silanti isishike. Pangusa kwa spiriti ya aisopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukiona mistari imejitokeza upya, rudi hatua ya 5 mapema, kabla hujaifungia chini ya kinga.

7. Silanti. Paka nyembamba, kisha iache ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Nyingi hutaka saa 12 hadi 24 bila maji.

8. Nta. Hii ndiyo ya mwisho. Ina mafuta, hivyo ikitangulia, silanti haipati pa kushika. Paka kidogo sana, pitisha kidole, na kikitoka safi bila kuacha ukungu, futa kwa taulo la maikrofaiba.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu, bajeti yangu inatosha kitu kimoja tu kati ya silanti na nta. Ninunue kipi?
Jibu: Silanti. Hudumu kwa miezi kadhaa, wakati nta kwa jua letu ni wiki sita hadi nane hivi. Nta nampendekezea mwenye gari la rangi nzito anayependa ule mng'ao wenye kina.

Swali: Nina chupa iliyoandikwa polishi na nta kwa pamoja. Inakaa wapi kwenye mpangilio?
Jibu: Ihesabu kama polishi, kwa kuwa inakwangua. Kaa nayo hatua ya 5, kisha ruka silanti uongeze nta. Usiipake juu ya kinga nzuri uliyoiweka mwezi uliopita, utaiondoa.

Swali: Nikitaka seramiki (ile kinga ngumu ya kupaka juu ya rangi), naweka nta chini yake ili ishike vizuri?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Seramiki inataka rangi tupu, mara tu baada ya spiriti. Ukitanguliza nta, seramiki itashika nta, na nta ikiondoka itaondoka nayo.

Swali: Ninakoosha gari wanapangusa kwa kitambaa chenye dizeli na linang'aa sana. Kuna ubaya?
Jibu: Upo. Ule ni mng'ao wa mafuta, unavuta vumbi kabla hujafika nyumbani, unalainisha nta uliyoilipia na unaharibu mpira. Mwambie kijana kwa upole akuachie gari likiwa limekaushwa tu.

Swali: Bampa langu limepigwa rangi juma lililopita, nalo nilipe nta?
Jibu: Lisubiri. Rangi iliyokaushwa kwa hewa gereji bado inatoa viyeyusho vyake. Muulize fundi wako, lakini mimi huacha miezi miwili. Kuosha kwa maji na shampuu hakuna shida.

Swali: Nina Hilux nyeupe ya zamani. Nilipopiga polishi taulo likawa jeupe, nikaogopa nikaacha.
Jibu: Ulifanya vyema kusimama, ila haijaharibika. Gari lako halina klia, unagusa rangi yenyewe. Endelea kwa polishi laini na kwa mkono, badilisha taulo mara kwa mara, kisha silanti na nta kama kawaida.

Swali: Niko Mombasa, gari linalala karibu na bahari. Hatua zote nane nizirudie kila baada ya muda gani?
Jibu: Zote usizirudie. Osha chumvi kila wiki, rudia nta kila miezi miwili, silanti mara mbili kwa mwaka. Hatua ya 4 na ya 5 zingoje mpaka uone mikwaruzo juani, na hata hapo anza na ya 5.