Visa ya D7 ya Ureno: kabla hujahesabu pango la nyumba ya mzee, soma hati ina jina la nani

Kama kipato unachopanga kuwaonyesha Wareno kinatoka kwenye nyumba ya marehemu mzee, na hati bado inasoma jina lake, simama kwanza. Usilipe wakala, usikate tiketi, usiage watu kanisani. Watu wa Arusha na Moshi wananiuliza sana kuhusu D7, visa ya kuishi Ureno kwa kipato kisichotokana na ajira, na wote wanaanza na swali lile lile: inatakiwa shilingi ngapi? Hakuna anayeuliza nyumba ni ya nani. Mimi kilichoninyonga ni hicho.

Shilingi ngapi nijibu haraka tuendelee. Kipimo ni kima cha chini cha mshahara cha Ureno. Mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi, 2026 kimefika 920, na kimekuwa kikipanda kila Januari. Mwenza anaongezewa nusu yake, mtoto asilimia 30. Juu ya hapo wanataka kuona akiba ya mwaka mzima, yaani kipimo hicho mara 12, vizuri zaidi ikiwa kwenye benki ya huko huko. Kwa hiyo unaanza na namba ya mlipakodi, NIF, halafu akaunti, halafu mkataba wa kupanga nyumba wa miezi 12. Bima, hati ya polisi, picha, hayo mnayajua. Cheti cha kuzaliwa kipite RITA, wakala wa vizazi na vifo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi, kwa sababu Tanzania haimo kwenye mkataba wa Apostille, ule wa nchi kutambuliana hati kwa muhuri mmoja. Visa yenyewe ni ya miezi 4. Ndani ya muda huo unatakiwa ufike AIMA, idara iliyochukua kazi za uhamiaji kutoka SEF mwezi Oktoba 2023, wakuchukue alama za vidole na kukupa kadi ya miaka 2. Ikiisha unahuisha kwa miaka 3.

Sasa tuje kwenye mtego.

Nyumba yetu iko Njiro, Arusha. Mzee aliijenga kwa mshahara na mkopo wa kazini, akaongeza vyumba vya nyuma vya kupangisha, akafariki 2011. Tuko watoto watano. Kikao cha ukoo kikakaa, kaka mkubwa akapendekezwa, akaenda Mahakama ya Mwanzo akapewa Fomu namba 4 ya usimamizi wa mirathi. Tukala pilau, tukatawanyika. Kwa akili zetu mirathi ilikwisha siku ile. Ukipita Kilimanjaro na Arusha nzima utakuta familia nyingi zimesimama hapo hapo: fomu ya msimamizi iko kwenye bahasha ya kaki kabatini kwa mama, hati ina jina la marehemu, wapangaji wanamlipa kaka, na kaka anagawa anavyoona. Nyumbani utaratibu huo unaweza kwenda miaka 20 bila mtu kuuliza. Wadogo zangu walikubali mimi nichukue pango lote, kwa sababu wao wana kazi na mimi utalii ulinitupa nje wakati wa korona. Walikubali kwa mdomo, kwa upendo, mezani kwa mama.

Ubalozini faili lilipita. Majina yetu mnayajua yalivyo: la pili ni la baba, la tatu ni la ukoo. Ukiweka hati ya mzee karibu na pasipoti yangu, majina mawili yanafanana kabisa. Aliyepokea maombi nadhani aliona yale mawili akaridhika. Nikasafiri nikijua kazi imekwisha.

AIMA nilikutana na dada mmoja mtaratibu sana, miwani imening'inia kwa kamba. Akaweka tafsiri ya hati kushoto, pasipoti kulia, akashuka na kalamu jina kwa jina. Akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni baba. Yuko wapi? Amefariki. Akaandika kitu, akafunua mkataba wa pango. Na huyu aliyesaini? Kaka yangu. Akavua miwani. "Na wewe, kwenye karatasi hizi, uko wapi?"

Sikuwa popote. Nikapewa siku 10 za kazi za kujibu kwa maandishi, la sivyo ombi linakataliwa.

Nisikilizeni hapa, maana wengi mtapita mkidhani kwenu ni tofauti. Fomu namba 4 haikupi mali. Inampa msimamizi mamlaka ya kukusanya mali na kuigawa, basi. Baada yake kuna Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, inayotakiwa mahakamani ndani ya miezi 4 tangu msimamizi ateuliwe, halafu Fomu namba 6, hesabu ya nani alipata nini. Zikiisha hizo ndipo mnakwenda ofisi ya ardhi: jina linatoka kwa marehemu kwenda kwa msimamizi kwa cheo chake hicho, kisha kwa warithi. Kabla ya hapo, pango la ile nyumba ni mali ya marehemu. Haijalishi linaingia akaunti ya nani.

Na msimamizi hapendi Fomu namba 6. Si lazima awe mwizi. Kaka yangu si mwizi, nayasema haya nikijua atasoma. Lakini ukimwambia mtu aliyekusanya pango zaidi ya miaka 10 aandike hesabu na kuiapia, atakumbuka paa alilolirudishia, ada ya mtoto wa dada aliyoilipa, fundi wa choo asiye na risiti, na atanuna. Kwetu ilifika mahali shangazi akanipigia kuniambia mtaani wanasema nimeshiba euro na sasa naitaka nyumba ya mzee. Fanyeni mazungumzo hayo mkiwa wote nyumbani, chai mezani, mkiwa bado mnapendana. Ukiyafanya kwa simu ukiwa na barua ya siku 10 mkononi, utaonekana tapeli.

Kama hamtaki kuuza wala kugawana vyumba, hati iandikwe majina yenu wote, kisha mgawanyo wa pango uwekwe kwenye maandishi mbele ya wakili. Na mjue hesabu inavyosomwa huku: ukiwa mmoja kati ya watano, kipato chako ni moja ya tano. Wadogo zako wakikuachia hisa zao, hiyo iwe hati iliyosainiwa. Upendo wa mezani hautafsiriki Kireno.

Kihamba, shamba la migomba la ukoo, ndiyo usijaribu kabisa. Kuna kijana wa Marangu alinitumia picha ya migomba ya babu akitaka kujua kama inahesabika. Haina mpangaji, haina hati ya jina lake, na wazee wakisikia ameipeleka ubalozini hatapewa hata mkungu.

Mtego wa pili ni mdogo ila unauma mahali pale pale. Sisi tunalipana pango kwa miezi 6 au mwaka. Kwenye taarifa ya benki inaonekana milioni kadhaa Januari, halafu kimya mpaka Julai. Mreno anatafuta kitu kinachojirudia kila mwezi, na hicho kimya anakisoma kama huna kipato. Mwandikie mpangaji mkataba unaotaja kiasi cha kila mwezi hata kama analipa kwa mkupuo, na pesa iingie benki moja kwa moja kutoka kwake. Isipite kwenye simu ya kaka. Kaka akipokea, akatoa ya dawa za mama, akatoa ya luku, akakutumia iliyobaki, kiasi kinabadilika kila mara na mtumaji si mpangaji. Mimi nilikuwa na muamala umeandikwa "ya mama na ya kuku". Mwanasheria wangu wa huku aliusoma kwa sauti, akanitazama.

Tena wale wenzangu wenye wapangaji wa kizungu mliozoea mikataba ya dola: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ukileta mkataba mpya wa dola kama ushahidi, umeleta ushahidi wa kosa.

Mimi niliokolewa na hati fungani za serikali nilizonunua miaka ya nyuma kwa jina langu. Hazikufikia kipimo peke yake, lakini pamoja na akiba zilitosha kwenye majibu. Ukiwa na mtaji na muda, anza huko na nyumba ya urithi iwe nyongeza. Riba inaingia kila miezi 6, jina ni lako, na hakuna shangazi ndani yake. Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, una mpango wa kulipwa kila mwezi kwa anayeweka kuanzia shilingi milioni 10, na malipo ya kila mwezi ndiyo lugha wanayoielewa. Ila tusidanganyane kwenye hesabu: kipimo cha mwaka kinazidi shilingi milioni 30, na kwa riba ya asilimia 12 unahitaji mtaji unaozidi milioni 250. Mstaafu mwenye barua safi ya pensheni ana njia nyepesi kuliko mwenye vyumba kumi vya kupangisha.

Kuna mawakala mjini wanaokopesha pesa ya kuonyesha, inakaa kwenye akaunti wiki chache kisha wanaichukua na riba yao. Huku wanaangalia miezi ya nyuma, na wakati wa kuhuisha kadi wanaangalia tena. Na nyie wadogo zangu mnaoambizana kwamba ukiwa na nyumba unapewa Ulaya, nawapenda, lakini ulizeni mtu aliyepita. Pia msijenge ndoto ya pasipoti. Sheria yao ya uraia iliingia kwenye mvutano wa bunge na mahakama mwaka 2025, na Tanzania hairuhusu uraia pacha. Ukichukua ya kwao, ardhi unayoigombania Njiro utaishika kama mgeni.

Kuhusu watu wenyewe. Wareno ni wapole, wanasalimia hata kwenye lifti, na wana subira ya foleni ambayo sisi hatuna: unachukua namba, unakaa, unazeeka. AIMA ilirithi malimbikizo ya mafaili karibu laki nne, kwa hiyo ukiona kimya si wewe tu. Ila sipendi tunavyojidanganya kwamba wanatupokea kwa shangwe. Kwa mtu anayelipwa kima cha chini, pango la sebule na chumba kimoja Lisbon linazidi mshahara wake wote, na anayeingia na kipato cha nje, awe Mmarekani mstaafu au mimi wa Njiro, anasukuma bei juu. Fundi wangu wa bomba aliniambia watoto wake wako Ufaransa kwa sababu hiyo, akaendelea kukaza nati. Sikuwa na la kumjibu.

Kinachonichekesha ni kwamba ugonjwa wetu wanao. Pita Porto au Setúbal utaona nyumba nzuri za vigae vya buluu, madirisha yamezibwa kwa matofali, mti umeota kwenye paa. Ukiuliza unaambiwa ni urithi, warithi hawajaelewana. Tofauti ni kwamba wao wanaiacha ioze, sisi tunaipangisha.

Mwenye nyumba wa huku naye umchunguze. Wapo wasiotaka kusajili mkataba kwenye ofisi ya kodi ili wasilipe, na mkataba usiosajiliwa hauna faida kwako hapo AIMA. Mwambie kabla hujampa amana. Nyumba zenyewe hazina vipasha joto. Januari ndani kuna baridi kuliko nje.

Mwisho ni kodi ya serikali, wengi wanaigundua wamechelewa. Ukikaa Ureno zaidi ya siku 183 unahesabika mkazi wa kikodi, na kati ya Aprili na Juni unatangaza mapato ya dunia nzima. Ya nje yanakwenda kwenye Anexo J, kiambatisho cha fomu yao ya kodi. Tanzania na Ureno hazina mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili, ila sheria yao inakuruhusu kupunguziwa kodi uliyokwisha lipa nyumbani. Pango TRA wanalikata asilimia 10 kwa mkazi na 15 kwa asiye mkazi. Dai risiti za kila malipo, na zitoke kwa TIN yako. Zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa na TIN ya kaka, kwa hiyo nililipa upande huu kana kwamba TRA hawakuchukua kitu.