Namna ya Kuingia Mkahawa wa Kivietnam kwa Mtu Aliyekulia Jiko la Mtwara

Korosho ghafi ya Mtwara na Lindi imekuwa ikisafirishwa kwenda Vietnam kubanguliwa kwa miaka mingi, na kwa sababu ya biashara hiyo wapo wenyeji wa kwetu ambao hujikuta, kwa safari ya kikazi au kwa mwaliko wa mnunuzi, wameketi mbele ya meza ya Kivietnam wasijue waanzie wapi. Wengi huagiza wali na kuku wa kukaanga siku zote za safari, kisha hurudi nyumbani na kusema kwamba chakula cha kule hakiliki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa yeyote atakayekutana na mkahawa wa Kivietnam katika mji wowote mkubwa akatamani kuvuka mpaka wa kuku bila kuliumiza tumbo wala kuikosea dini yake.

Kazi ya kwanza ni kujifunza kusoma orodha ya vyakula, kwa sababu picha za ukutani hudanganya na mhudumu aghalabu hana muda wa kueleza. Bahati nzuri ni kwamba jina la chakula cha Kivietnam kwa kawaida ndilo maelezo yake. Neno la kwanza hutaja aina ya chakula, linalofuata hutaja nyama, na baada yake huja namna ya kupika au mji kilikotoka. Cơm ni wali, cháo ni uji wa mchele, bún ni tambi nyembamba za mchele, mì ni tambi za ngano, na phở ni tambi bapa za mchele ndani ya supu. Gà ni kuku, bò ni ng'ombe, vịt ni bata, cá ni samaki, tôm ni kamba, mực ni ngisi na bạch tuộc ni pweza. Nướng ni kuchoma, luộc ni kuchemsha, hấp ni kupika kwa mvuke, na kukaanga huitwa chiên kusini na rán kaskazini. Ukiyashika maneno hayo machache, mực nướng haiwi fumbo tena: ni ngisi wa kuchoma, na mtu aliyezoea kununua ngisi kwa wavuvi wa Mikindani hana sababu ya kumkimbia.

Alama zilizo juu na chini ya herufi si mapambo, kwa maana lugha hiyo huenda kwa kupandisha na kushusha sauti, na neno lile lile likitamkwa kwa sauti nyingine huwa neno jingine kabisa. Kwa hiyo usihangaike kutamka. Andika unachotaka kwenye karatasi pamoja na alama zake zote, au kiweke kwenye simu, kisha mwonyeshe mhudumu. Karatasi haina lafudhi ya Kimakonde.

Kwa Mwislamu, na mikoa yetu hii ina Waislamu wengi, neno la kulijua kabla ya mengine yote ni lile la nguruwe, ambalo kusini ni heo na kaskazini ni lợn. Ugumu ni kwamba nguruwe haandikwi kila mahali alipo. Neno thịt maana yake ni nyama tu, lakini likisimama peke yake bila kutajwa mnyama, mara nyingi nyama hiyo ni ya nguruwe. Chả lụa, ile nyama laini nyeupe inayokatwa vipande vya mviringo, ni ya nguruwe, na mkate wa bánh mì, ambao Wavietnam waliurithi kutoka kwa Wafaransa wakaufanya wao, kwa kawaida hupakwa ini lililosagwa pamoja na mafuta ya nguruwe. Chakula kinachowanasa wengi ni bún bò Huế. Jina lina neno la ng'ombe waziwazi, lakini sufuria yake huchemshwa pia kwa mifupa na miguu ya nguruwe, na aghalabu hutiwa vipande vya damu iliyogandishwa. Mwenzangu mmoja wa Tandahimba aligundua jambo hilo kwenye kijiko cha tatu, alipouliza kile kipande cheusi ni ini la mnyama gani.

Sentensi ya kuiandika kwenye karatasi ni tôi không ăn thịt heo, yaani mimi sili nyama ya nguruwe, lakini sentensi hiyo haiondoi mifupa iliyokwisha kuchemka kwenye supu. Njia zenye uhakika zaidi ni mbili. Moja ni mkahawa wenye neno chay kwenye kibao, ambao haupiki nyama ya aina yoyote. Desturi hii imetoka katika dini ya Kibudha, na hata Wavietnam wanaokula nyama, wengi wao huiacha siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Ya pili ni kuwatafuta Waislamu wenyewe wa nchi hiyo, ambao wengi ni wa kabila la Chăm. Katika Ho Chi Minh City, mji ambao wenyeji bado huuita Sài Gòn ingawa jina lilibadilishwa mwaka 1976, upo msikiti wa katikati ya mji katika mtaa wa Đông Du, uliojengwa mwaka 1935, na jirani yake hupatikana mikahawa ya halali. Anayefika upande wa Châu Đốc, mji wa delta ya mto Mekong, aulize tung lò mò, soseji ya ng'ombe ya Wachăm yenye uchachu kidogo, ambayo huchomwa juu ya makaa. Kwa maoni yangu, soseji hiyo pekee inatosha kumfanya mtu apande basi.

Katika kuchagua mkahawa, kibao hufaa kuliko mapambo. Mikahawa mingi mizuri ya Vietnam hupika chakula kimoja tu, na chakula hicho ndicho kilichoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: phở bò, cơm gà, bún riêu (tambi katika supu ya kaa). Mkahawa wenye orodha ya kurasa ishirini, inayochanganya vya Kichina na vya Kithai, utakulisha lakini hautakufundisha kitu. Usidharau pia viti vifupi vya plastiki vilivyopangwa kando ya njia, maana mama anayepika sufuria moja na kuimaliza kabla ya saa nne asubuhi hana chakula cha jana. Utaona pia kibao cha cơm tấm, nacho kitamshangaza mtu wa kwetu, kwa sababu cơm tấm ni wali wa chenga. Zile chenga ambazo sisi huzipepeta na kuwapa kuku, Sài Gòn wamezifanya chakula cha kujivunia, na huzila zaidi pamoja na ubavu wa nguruwe wa kuchoma. Asiyemla nguruwe aombe yai la kukaanga, trứng, mahali pake.

Anza asubuhi, na anza na phở. Mtu aliyezoea kunywa supu ya makongoro na chapati kabla ya kwenda kazini ataelewa mara moja, kwa kuwa phở ya ng'ombe ni supu ya mifupa iliyochemka saa nyingi pamoja na mdalasini, karafuu, tangawizi na vitunguu vilivyochomwa, pamoja na kiungo kingine kikavu chenye umbo la nyota. Utaulizwa nyama ya aina gani. Chín ni nyama iliyoiva. Tái ni vipande vyembamba vibichi vinavyoivishwa na moto wa supu ndani ya bakuli lako. Gân ni kano na sách ni utumbo, na hivi viwili vya mwisho anayependa makongoro asivikose. Sahani ya majani mabichi, ndimu na pilipili italetwa kando. Onja supu kwanza ikiwa tupu, kisha ndipo ukamue ndimu, kwa sababu mpishi aliyekesha na sufuria huumia akiona mgeni anaimwagia sosi kabla hajajua ladha yake.

Mambo mengine yote ya jiko hili yanasimama juu ya nước mắm, mchuzi wa samaki, na hapa ndipo nashauri mtu ajizoeze akiwa bado nyumbani. Nước mắm ni dagaa na chumvi, hakuna zaidi, waliowekwa ndani ya mapipa makubwa ya mbao kwa takribani mwaka mzima hadi watoe maji ya rangi ya kaharabu. Ule wa kisiwa cha Phú Quốc una sifa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulilinda jina lake mwaka 2012. Harufu yake ukifungua chupa ni ya dagaa wanaoanikwa, na aliyepita karibu na vichanja vya dagaa Kilwa hatatishika. Chupa hupatikana katika maduka yanayouza bidhaa za Asia; tafuta iliyoandikwa samaki na chumvi peke yake.

Nunua changu wabichi sokoni, wakaange wakauke. Kwenye bakuli tia kijiko kimoja cha sukari, kimoja cha maji ya ndimu na viwili au vitatu vya maji ya uvuguvugu, ukoroge mpaka sukari iishe, ndipo utie kijiko kimoja cha nước mắm. Mwisho kabisa weka kitunguu saumu na pilipili zilizokatwa ndogondogo, ambazo zikitiwa mwisho huelea juu badala ya kuzama. Chukua jani la saladi, weka juu yake mnofu wa changu, majani mawili ya mnanaa na kotimiri, likunje, lichovye, ule kwa mkono. Ukipendezwa na tonge hilo, umekwisha kuvuka nusu ya safari.

Baada ya hapo panda taratibu, ukitoka kwenye unachokijua. Ngazi ya pili ni konokono, ốc, ambao Sài Gòn wana mtaa wao wa usiku, Vĩnh Khánh, ambako meza hujaa maganda mpaka chini. Agiza ốc len xào dừa. Hawa ni konokono wa matope ya mikokoni, wa ukoo mmoja na tondo wa pwani yetu, waliopikwa kwa tui la nazi na mchaichai. Ncha ya gamba huwa imekatwa tayari, kwa hiyo unaliweka mdomoni upande ulio wazi na kulifyonza kwa mvuto mmoja wa haraka. Ukifyonza polepole hatoki. Tui linatangulia, kisha nyama. Sijui chakula kingine cha ugenini kilichonirudisha nyumbani kwa kasi namna hiyo.

Ngazi ya tatu ni mắm tôm, kamba wadogo waliosagwa na kuchachushwa wakawa uji mzito wa rangi ya zambarau. Harufu yake ni kali kuliko ya nước mắm mara nyingi, na dawa yake ni kukamua ndimu, kutia sukari, na kuupiga kwa vijiti mpaka utoe povu. Kaskazini huliwa na bún đậu, yaani tambi na jibini ya soya iliyokaangwa. Taja kwamba hutaki nyama, kwa sababu sinia lake la kawaida lina nguruwe. Kaskazini hiyo hiyo, majira ya vuli, hukaangwa chả rươi, mkate wa mayai na minyoo ya matope ambayo mvuvi wa Msimbati angeiita chambo. Ni chakula kitamu, ila karibu siku zote huchanganywa na nguruwe wa kusaga.

Kuhusu chuột đồng, panya wa mashamba ya mpunga wa delta ya mto Mekong, msomaji wa Newala au Masasi aliyewahi kula wale tunaowaita kwa utani samaki nchanga hahitaji mwongozo wangu. Kanuni ni ile ile ya huku: awe wa shambani, si wa nyumbani, na ajulikane aliyemtega. Mwislamu atampita, kama atakavyolipita kila bango lenye thịt chó, ambayo ni nyama ya mbwa.

Yai la hột vịt lộn, yaani yai la bata lenye kifaranga kilichokwisha kuanza kuumbika, huchemshwa na kuliwa likiwa moto. Huwekwa kwenye kikombe kidogo, upande mnene juu. Unagonga, unatoboa tundu, unanywa kwanza mchuzi uliomo, kisha unamenya zaidi na kula kwa kijiko pamoja na chumvi, pilipili manga, ndimu na majani makali yaitwayo rau răm. Kile kipande cheupe kigumu cha chini huachwa. Ladha yake iko kati ya kiini cha yai na supu ya kuku, na kinachowashinda watu ni macho, si ulimi. Suala la uhalali wake Mwislamu alipeleke kwa mwenye elimu kabla ya safari, si akiwa ameshika kijiko.

Kuna kimoja ninachomkataza kila mtu bila kujali dini yake, nacho ni tiết canh, damu mbichi ya bata au nguruwe iliyogandishwa kwenye sahani na kunyunyiziwa karanga. Damu ya nguruwe huweza kubeba bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya waliopona wamebaki viziwi. Konokono wa maji baridi na samaki wa mtoni nao wasiliwe wabichi, kwa sababu ya minyoo. Mwenye mzio wa karanga aulize kuhusu đậu phộng kabla ya kila sahani.

Ukiwa mgeni mezani, subiri mkubwa wa umri aanze, usisimamishe vijiti wima ndani ya wali kwa kuwa hivyo hufanana na udi unaowashwa kwa ajili ya marehemu, na tarajia kwamba mwenyeji atakuwekea chakula kwenye bakuli lako bila kukuuliza, kama shangazi yako anavyofanya. Bakuli likibaki tupu ataliongeza. Lililobaki na kidogo ataliacha. Akikuletea tiết canh kwa heshima kubwa, usitoe hotuba. Sema daktari amekukataza damu, sogeza sahani taratibu upande wa jirani yako, na uombe ngisi wa kuchoma.