Zima taa, sogea mlangoni

Kwa wauza viatu, mikoba na vitenge mtandaoni: kabla ya kupiga picha, zima taa ya chumbani. Weka bidhaa kwenye stuli, hatua moja kutoka mlango ulio wazi au dirisha, mwanga uingie kwa ubavuni. Upande wa pili, wenye kivuli, simamisha karatasi ya manila nyeupe. Juzi nilipiga kiatu cha ngozi ya kahawia hivyo: mishono ilionekana mmoja mmoja, na hata mkwaruzo wa kisigino, ambao mteja ana haki ya kuuona, ulitoka wazi.

Mwanga wa balbu na wa jua hauna rangi moja, na kamera ya simu hushindwa kuisawazisha yote miwili kwa mpigo. Ndiyo maana kitenge cheupe hutoka njano, kisha mteja akipokea mzigo anasema "siyo hiki nilichokiona". Mwanga wa ubavuni huonyesha umbile. Manila huurudisha kwenye kivuli ili upande huo usimezwe na giza. Flashi ya simu ikipiga kwa mbele hufuta umbile lote, iacheni.

Inapokwama: jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe jepesi kwanza. Ukuta wa kijani ulio karibu utaitia bidhaa ukijani. Na sufuria au saa inayong'aa itakuonyesha wewe na simu yako. Hiyo izungushie karatasi nyeupe, upige kwa pembeni kidogo.