Bakteria wa zambarau yupo kwenye majaruba, ukiwa na kidonda usiingie kichwa kichwa

Wakulima wenzangu wa mpunga kule Kitere, bonde la Lukuledi mpaka huku Ruvuma, mvua zikishakolea tunashinda kwenye tope toka asubuhi, tunang'oa miche, tunapandikiza, tunapalilia, na wengi wetu tunaingia peku. Sasa kwenye tope hilo kuna bakteria anaitwa Chromobacterium violaceum, na mimi naona maafisa ugani tunamsema kidogo mno.

Huyu anaishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto. Anakua vizuri kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35, yaani maji yaliyotuama jarubani jua la Lindi likiwaka ndo kwake hapo. Wakimwotesha maabara anatoa rangi ya zambarau iliyokolea kabisa, rangi hiyo inaitwa violasini na inamsaidia kuua bakteria wengine anaogombania nao chakula. Ila shambani huwezi kumwona, maji hayabadiliki rangi, kwa hiyo usikae unatafuta tope la zambarau ndo uchukue tahadhari. Mpunga wenyewe bakteria huyu haudhuru. Tena ana ndugu yake, aliyepatikana kwenye udongo wa Maryland kule Marekani, ambaye ametengenezewa dawa ya kuua wadudu wa mazao.

Kwa binadamu ni nadra kuugua, hilo niliseme wazi watu wasije wakaacha mashamba. Mwaka 1905 aligundulika kuua nyati wa kufugwa Ufilipino, mgonjwa wa kwanza binadamu akaripotiwa nchi ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, mwaka 1927. Lakini akishaingia mwilini ni hatari sana, anapita kwenye mkwaruzo au kidonda, panavimba, panatunga usaha, kisha anaingia kwenye damu na kutengeneza majipu kwenye ini, na mtu anaweza kufa ndani ya siku chache tu.

Kwa hiyo ukiwa na kidonda kibichi mguuni, kazi ya jaruba mwachie mwenzio, wewe fanya ya nchi kavu. Ikishindikana kabisa vaa gambuti zisizotoboka, na maji yakiingia ndani vua umwage, usitembee nayo siku nzima. Ukijikata na jembe au mundu humo humo kwenye maji, toka hapo hapo, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, osha sana, halafu funga kitambaa kisafi. Kupaka majivu, tope au kinyesi cha ng'ombe hapana jamani, na pepopunda nayo inapitia huko huko.

Ukipata homa, kidonda kikavimba au tumbo likauma, wahi zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo na umwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye maji ya shamba, maana asipojua hilo hawezi kumfikiria huyu bakteria. Amoksilini ya kununua dukani mara nyingi haimwezi, kuna dawa nyingine kama siprofloksasini zinazomkamata, ila dozi apange daktari, na inakuwa ndefu kwa sababu ugonjwa huwa unarudi ukiikatisha.

Na wale watoto wanaoshinda mferejini wakivua kambare, wakagueni miguu jioni, mtoto akijikata huwa anaficha akiogopa kugombezwa.